Futari ya King'ora

Kilianza kwa kuguna chini chini, kama mtu mzima anayeamshwa kabla hajatosheka na usingizi, kisha kikapanda, kikapanda, mpaka mbwa wote wa upande wetu wa Lionja wakainua pua na kulia pamoja nacho. Hicho kilikuwa king'ora cha kambi ya Wazungu waliokuja kulima karanga, na sisi watoto wa miaka ile ndicho kilichotufundisha kwamba siku ina vipande. Kabla yake siku ilikuwa kitu kimoja: unaamka, unakwenda shamba, jua linakuchoma, unarudi. Kilipokuja tukajua kwamba kuna saa ya kuingia kazini, saa ya kula na saa ya kutoka. Nyumbani kwetu aliyekuwa na kazi ya kuingia na kutoka alikuwa mjomba peke yake, lakini sote tulikifuata. Mama akaanza kuinjika chungu kwa king'ora cha mchana. Wanawake waliokuwa wakiagana kukutana kisimani jua likifika juu ya mikorosho wakaanza kuagana kwa king'ora. Bibi alikuwa akitania kwamba hata majogoo wamestaafu, siku hizi wanalala mpaka kambi iwaamshe.

Habari za kambi ile zimesimuliwa na wengi, na karibu kila msimulizi huanza na matrekta: jinsi mawili yalivyofungwa mnyororo mmoja katikati yakaenda sambamba, na msitu ukalala chini kama nyasi. Mimi sikuyaona kwa karibu. Nilikuwa mtoto wa kike, na watoto wa kike hatukuruhusiwa kukaribia kambi. Nilichokijua ni harufu ya dizeli iliyomfuata mjomba mpaka mlangoni, sukari nyeupe aliyotuletea kwenye kikaratasi, na sauti ile iliyokuja kutoka upande wa Nachingwea, juu ya mihogo na mitama, ikaingia nyumbani bila hodi. Kwa hiyo wengine waendelee na matrekta yao. Mimi nitasimulia saumu moja tu, maana kila ninaposikia vijana wakibishana kama maendeleo ni mazuri au mabaya, ndiyo inayonijia.

Na usije ukanidhania kuwa ni mmoja wa wazee wanaolilia zamani. Sina subira na watu hao. Zamani ilikuwa na buba. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo, kidonda cha mguu wa kushoto kilichokuwa kikila nyama taratibu huku Bibi akikiosha kwa kila mzizi aliofundishwa na mama yake, na kila mzizi ukishindwa. Mjomba akanibeba kwenye baiskeli mpaka zahanati ya kambi, nikachomwa sindano, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha kidonda kilikuwa kimefunga. Kovu ninalo hadi leo. Mtu akianza kunisifia maisha ya kale humwonyesha mguu huu, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, lakini mimi kipya ndicho kilichoniponya kidonda, na sitasema uongo ili hadithi yangu ipendeze.

Sasa nikueleze kuhusu mjomba. Mjomba Bakari alikuwa kaka wa mama, na kwetu mtoto ni wa upande wa mama, hivyo mjomba ndiye mwenye neno nyumbani. Baba alikuwa mkongeni huko upande wa Lindi, tukimwona kwa nadra. Mjomba ndiye aliyekuwa akipiga ngoma ya Ramadhani. Nyumba zetu zilitawanyika, kila ukoo na mihogo yake na mikorosho yake, na sauti ya Mwalimu Issa, aliyetusomesha Kurani na kuadhini kwenye msikiti wetu wa udongo, haikufika hata nusu ya nyumba hizo, hasa kwa kuwa alikuwa na pumu. Ngoma ilifika. Ilipigwa kuwaamsha watu wale daku, na ilipigwa jua likizama ili watu wafuturu. Ilikuwa ngoma ya gogo la mninga, ndefu, yenye ngozi ya paa, na aliyemwachia mjomba alikuwa mjomba wake yeye. Siku za mawingu, ambapo jua halionekani, mjomba alikuwa na utaratibu wake: kwanza alingoja kuku waingie bandani, halafu akanyoosha mkono mbele ya uso, na mpaka alipokuwa haoni tena vinyweleo vya mkono wake ndipo alipopiga. Watu walimlalamikia. Walisema Bakari anatuua na njaa. Yeye alijibu kwamba hakuna aliyekufa kwa kuchelewa kidogo, na aliyetaka kuwahi akapige ngoma yake.

Mtu huyo huyo ndiye aliyeinyamazisha ngoma. Sikusikia mtu yeyote akimlazimisha. Kambi ilipomwajiri kupaka mashine grisi, alirudi akiwa mtu mwingine, mwenye furaha, mwenye viatu, na kwa kuwa king'ora cha alfajiri kilimtaka aamke mapema na cha jioni kilimkuta kazini, hakuwa na nafasi ya ngoma. Lakini haikuwa nafasi tu. Alikipenda kile king'ora. Alikuwa ameiona mashine yake, alikuwa amegusa mpini wake, na alituambia kwa fahari ya mwenye mali kwamba kinafuata saa, na saa hiyo haisinzii wala haiumwi kichwa. Watu wakakubali upesi. Cha alfajiri, kilicholia kungali giza kabla ya adhana, kilitosha kwa daku. Cha jioni, kwa kuwa kazi ilikwisha karibu na magharibi, kililia kabla kidogo ya jua kuzama, hivyo Mwalimu Issa akatuwekea kanuni: king'ora kikilia, mtu akatawadhe bila haraka, na akimaliza jua litakuwa limezama. Bibi peke yake ndiye aliyenung'unika. Alisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mjomba akacheka, akamwambia, "Mama, msala huu haupiti. Wameleta mpaka reli." Ngoma ikawekwa ghalani, na kuku mmoja mweupe akaona ni mahali pazuri pa kuatamia.

Ramadhani nzima ya kwanza tulifunga kwa king'ora, na lazima niseme tulifunga vizuri. Hakuna aliyechelewa daku, hakuna aliyelalamika. Ya pili ndiyo yangu. Mwaka ule niliazimia kufunga mwezi mzima. Kabla ya hapo nilikuwa nikifunga saumu za kitoto, unajitapa asubuhi, adhuhuri unakula kiporo nyuma ya jiko huku mama akijifanya haoni. Nyumbani kwetu futari ililiwa kwenye mikeka mitatu, wa wanaume, wa wanawake na wa watoto, na mkeka wa watoto ulikuwa wa vurugu, vikohozi, na kunyang'anyana viazi. Bibi alisema mtoto atakayefunga mwezi mzima bila kuvunja hata siku moja atahamia mkeka wa wanawake, na hatarudi tena. Leo ukisikia utaona ni jambo dogo. Mimi nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka kukaa kati ya mama na Bibi, nichukue tonge kwa utulivu, nisikie wanayozungumza. Nilifunga siku za jua kali huku nikipalilia, nilifunga siku niliyoumwa tumbo, na binamu yangu aliponitambia kwa kipande cha muwa nilimgeuzia mgongo nikahesabu fito za ua mpaka akachoka. Mama alisema nina kichwa kigumu kama cha mama yake. Niliona amenisifu.

Mwezi ule uliangukia mwishoni mwa masika. Siku ninayoisimulia kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, mazito, ya rangi ya jivu, na manyunyu yasiyokata. Mchana haukuwa na umbo. Tulichimba ming'oko, vile viazi vya porini, kandokando ya pori lililobaki, mama, Bibi na mimi, na tukarudi tukaichemsha, na moshi wa kuni mbichi ukajaa jiko mpaka tukawa tunafanya kazi kwa kupapasa. Uji wa mtama ulikuwa tayari kwenye chungu kikubwa, umetiwa sukari ya mjomba. Nakumbuka harufu ya uji ule kwa namna inayonitia aibu kidogo, maana mtu mwenye njaa hukumbuka mambo ya chakula kuliko mambo ya dini. King'ora kikalia. Tukaenda kutawadha. Nilitawadha bila haraka kama Mwalimu alivyoagiza, labda kwa haraka kidogo. Tuliporudi Bibi alisimama mlangoni akaangalia uani, akasema, "Mbona kuku hawajaingia?"

Ni kweli, kuku walikuwa uani wanachakura. Yule mweupe alikuwa na vifaranga wake juu ya lundo la maganda, wala hana habari ya kulala. Mama akasema kuku wamefurahia wadudu waliotolewa na mvua, na king'ora kimeshalia. Bibi aliwatazama kuku kwa muda, akatazama upande wa kambi, kisha akaketi. Huwa nawaambia wajukuu wangu waizingatie sana picha hiyo: mwanamke aliyeishi maisha yake yote na kuku, anawaona kwa macho yake wakiwa nje, na anakubali kwamba kuku ndio waliokosea. Alipokea kata ya maji, akasoma dua, akanywa. Mama akanywa. Mimi nikanywa, nikafuatisha uji, nikachukua mng'oko nikauvunja katikati, na nikawa na kipande mdomoni wakati mawingu upande wa magharibi yalipoachana.

Jua lilikuwa pale. Halikuwa mwali wala wekundu wa machweo, bali jua lenyewe, zima, jeupe, juu ya kilima kwa kimo cha mnazi. Mwanga ukaingia mpaka ndani ya nyumba, ukaangukia mkeka, bakuli na mikono yetu. Kisha mama akatema, Bibi akatema, nami nikatema, lakini uji haukutemeka, ulikuwa umeshafika. Kutoka nyumba ya jirani tulisikia mwanamke akisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, na kutoka nyumba ya mbali kidogo mtoto akiuliza kwa nini amenyang'anywa bakuli. Niliangalia mkeka wa wanawake nilioutaka. Nililia kwa hasira wala si kwa huzuni, hasira ya mtu aliyefanya kila alichoambiwa na bado akakosa.

Mjomba alifika kwa baiskeli jua likikaribia kuzama kwelikweli. Alikuta watu wamekusanyika mbele ya msikiti, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, kama msibani. Yeye alikuwa bado amefunga. Aliuliza nani amefariki. Mwalimu Issa akamweleza, na nikaona mjomba anashuka kwenye baiskeli kama mtu mwenye mzigo. Akasema kwamba kuanzia siku ile saa za kazi zimepunguzwa, kazi yenyewe inapungua, matrekta mengine hayatoki hata bandani, na watu wameambiwa asubuhi kwamba sasa watatoka saa kumi na moja na nusu. King'ora kikasogezwa pamoja na kazi. Njia nzima alikuwa akiwaza kama ataachishwa kazi. Hakuwaza futari. "Sikufikiri," alisema, akarudia tena, "Sikufikiri kabisa." Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa afadhali wangemgombeza.

Siku zilizofuata palikuwa na maneno mengi barazani. Wapo waliotaka kambi iombwe irudishe king'ora mahali pake mpaka mwezi uishe, na mjomba akatumwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekijua. Alirudi akasema Mzungu mkuu wa kambi amemsikiliza mpaka mwisho, hakumcheka, tena alionyesha kusikitika. Lakini akamwambia king'ora ni cha kazi. Kikisogezwa, watu watasimama bure wakingoja kilie. Mjomba alikiri kwamba yeye mwenyewe aliona jibu lina haki. Na mimi leo nikilifikiria naona lina haki. Hakuna aliyetudanganya. King'ora kile hakikuwahi kusema nasi hata siku moja, kilikuwa kikisema na watu wa kambi, nasi tukadandia mazungumzo yasiyotuhusu tukayafanya dini. Mwamba ngoma huvutia kwake. Wenye kambi walivutia kwao, kama ilivyo ada. Kosa ni kwamba upande wetu hapakuwa na mtu aliyeshika ngozi.

Aliyesimama wakati huo ni Bibi. Alikuwa mwembamba, mwenye jino moja la mbele lililovunjika, na alipoamua jambo alikuwa akifunga kaniki yake upya kiunoni kabla ya kusema. Alifunga, akasema, "Tulikula pamoja, tutailipa pamoja. Na siku hiyo itapigwa ngoma." Mwalimu Issa akaeleza kwamba kwa sheria kila mtu anaweza kulipa kwa siku yake, apendavyo, na akanitazama mimi akasema watoto hawadaiwi chochote. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema mbele ya watu wazima, lakini nilisema, "Mwalimu, mimi nitailipa." Akaniuliza kama nimemwelewa. Nikamwambia nimemwelewa, na nitailipa. Bibi hakunitazama, ila niliona akitabasamu kwa lile jino lake.

Ngoma ilitolewa ghalani. Kuku alikuwa ameichafua, na ngozi imekauka, imepasuka katikati, panya wamekula ukingo. Gogo lilikuwa zima. Mjomba akapanda baiskeli akaenda Nkowe, upande wa Ruangwa, ambako binamu yao mmoja alikuwa mwindaji maarufu, akatafute ngozi ya paa. Alirudi mikono mitupu. Binamu alimwambia paa wameondoka, tangu misitu ilipoangushwa wanyama wamesogea mbali kuelekea mto Mbwemkuru, na ngozi chache alizokuwa nazo zilinunuliwa na watu wa kambi wakatandike chini. Mjomba akasema basi tungoje, labda baada ya mavuno atapata. Bibi akafunga tena kaniki yake. Alikuwa na mbuzi mmoja, jike, ambaye kila siku alituambia atazaa mpaka zizi lijae, na sisi watoto tulikuwa tumeshawapa majina wale watoto ambao hawajazaliwa. Akasema achinjwe.

Mjomba alipinga. Alisema, "Mama, huyo ndiye zizi lako. Ngozi itapatikana." Bibi akamjibu, "Umekwenda Nkowe ukaniletea vumbi. Mbuzi nitafuga mwingine. Mchinje." Akachinjwa, tukamla kwenye futari zilizobaki, na siku ya Idd tukala mboga ya majani kama siku nyingine yoyote. Mjomba aliiloweka ngozi kwa majivu, akaikwangua manyoya, akaiwamba ingali mbichi, akipigilia vigingi pande zote huku mimi nikimshikia upande wa pili. Alikuwa na mikono iliyozoea grisi, na mara mbili kigingi kilimponyoka. Alisema tu kwamba mjomba wake alimfundisha kuvuta kidogo kidogo kwa kuzunguka, kwa kuwa ukivuta upande mmoja kwa nguvu ngozi huchanika upande wa pili, na kwamba alidhani amesahau. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Viganja vilinivimba, na sikumwambia mtu.

Siku tuliyoichagua kulipa ilikuwa na anga safi. Kijiji kizima kilifunga, hata wazee ambao wangeweza kulipa siku nyingine, hata wafanyakazi wachache wa kambi waliobaki na kazi. Alasiri watu wakaanza kuja nyumbani kwetu na mabakuli yao yamefunikwa, wakatandika mikeka uani, na mjomba, aliyeomba ruhusa ya siku moja, akaisimamisha ngoma ikielekea magharibi, akawasha nyasi kavu akaipasha ngozi mpaka ikakaza. Mimi nilikaa mkeka wa watoto, mahali pangu. Jua lilikuwa limeanza kushuka, bado kali, wakati kule Nachingwea kitu kilipoguna chini chini.

King'ora kikapanda. Mbwa wakalia. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajaa mate. Mkono wa kulia ukasogea kwenye bakuli kama mkono wa mtu mwingine. Niliogopa. Hapo ndipo nilipojua kilikuwa kimeniingia kiasi gani. Sikuwa nikikisikia tu, mwili wangu ulikuwa ukikitii. Niliangalia watu wazima nikaona nao wanameza mate. Mtoto mdogo wa jirani alinyanyuka akaenda moja kwa moja kwenye chungu, dada yake akamshika shati akamketisha. Nikakalia mikono yangu. Niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, nikakodolea macho kilima. King'ora kikashuka, kikafa. Jua lilikuwa bado pale, nasi tulikuwa pale, na hakuna aliyekula.

Lilipogusa kilima mjomba aliinua mikono. Lilipoingia nusu, hakupiga. Lilipokwisha kabisa, bado hakupiga, na mtu mmoja nyuma akaguna, "Bakari anatuua na njaa," na watu wakacheka, kicheko cha watu waliorudishiwa kitu chao. Ndipo akapiga. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ile ya zamani, ngeni kidogo. Bibi akasema bado ina sauti ya mbuzi, itakomaa. Mwalimu Issa akaadhini juu yake, akikohoa. Nikanyoosha mkono kwenye bakuli, na kabla sijaligusa Bibi akanishika kwenye kiwiko, akaniinua, akaniketisha kati yake na mama. Hakutoa hotuba. Alinipa kata ya maji niwe wa kwanza kunywa.

Mjomba aliendelea na kazi kambini mpaka kambi ilipokuwa haina kazi tena, na hakuona ajabu kupaka grisi mashine asubuhi na kupiga ngoma jioni akiwahi kurudi. Asipowahi, nilipiga mimi. Walikuwepo walioona vibaya msichana kupiga ngoma ya futari, na Bibi akawauliza kama walikuwa na mbuzi wa kuchangia kwenye ngozi. Kisha siku moja king'ora hakikulia. Hakuna aliyetuaga. Reli nayo, ile iliyokuwa imehakikisha msala haupiti, ilikuja kung'olewa chuma kwa chuma, na leo watoto wanachunga mbuzi mahali ilipopita bila kujua. Watu wa vijiji vingine walihangaika kwa muda, hawajui saa. Sisi hatukuhangaika.

Vijana wanaponiuliza kama maendeleo siku zote ni mema, nawaona wanataka jibu la ndiyo au la, ili waende zao. Siwapi. Nawaonyesha kovu la mguu, halafu nawaonyesha ngoma. Sindano nilipewa ikawa yangu, ikaingia mwilini ikafanya kazi yake, na hakuna aliyeweza kuja kuichukua. King'ora tuliazima bila mwenyewe kujua, na kwa ajili yake tukamwachia kuku chombo chetu wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitafuta kila kitu kipya kinapobisha hodi: hiki ni changu, au nakidandia? Kikiwa cha mwenzangu na kinafaa, nitakitumia, sina ubishi. Ila changu sitakiweka ghalani. Hilo nimelishikilia maisha yangu yote, na nimekataa kulegezwa.

Siku hizi bodaboda zinafika mpaka uani, na kila mjukuu wangu ana simu inayoadhini. Hata mimi ninayo, na naipenda, inaniletea sauti za wanangu walio mbali. Ngozi ya ngoma imeshabadilishwa mara nyingi, nami nimefundisha watatu kuiwamba, kidogo kidogo kwa kuzunguka. Ramadhani iliyopita mikono yangu iligoma kabisa, nikaikabidhi kwa mjukuu wangu Rehema, msichana wa kichwa kigumu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Bibi, nipige simu ikilia?" Nikamwambia aende nayo nje, na akifika nje aangalie jua, au vinyweleo vya mkono wake kukiwa na mawingu. Nilibaki ndani na kikombe cha uji mkononi. Nikaisikia simu ikilia uani, ikamaliza. Nikangoja. Kulikuwa kimya, na katika kimya kile nilijua kwamba amesimama, amenyoosha mkono mbele ya uso. Kisha ngoma ikalia, nami nikanywa.